Pasi ya Nywele Nyumbani (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulizungumzia dawa za kunyoosha nywele, zile za kopo. Leo ni zamu ya pasi. Akina dada wengi wa Mulongwe, hapa Uvira, huiona ina madhara madogo kuliko dawa kwa sababu kazi yake haidumu: unanyoosha asubuhi, mvua inakukuta ukitoka sokoni, na jioni nywele zimeshajikunja. Wana haki, lakini nusu tu.

Nywele zimejengwa kwa protini iitwayo keratini, na nyuzi za protini hiyo zimeshikana hasa kwa vifungo vya namna mbili. Vigumu ni vya salfa, na hivyo ndivyo dawa ya kopo huvivunja. Vyepesi ni vya haidrojeni: huachana vikipata maji au joto, kisha hushikana upya nywele zikikauka na kupoa. Pasi hucheza na hivi vyepesi. Unyevu wa Ziwa Tanganyika nao hucheza na hivyo hivyo, ndiyo sababu mkazi wa pwani hii hulazimika kurudia pasi mara nyingi kuliko ndugu yake anayeishi mahali pakavu. Madhara yenyewe yamo katika kule kurudia.

Pasi nyingi za siku hizi hufika nyuzi joto 230. Kwenye joto hilo keratini yenyewe huanza kuharibika, na ikishaharibika hakuna mafuta yatakayoirudisha. Kwa nywele nene, nyuzi 180 zinatosha. Nyembamba au zilizokwisha kutiwa dawa, ziishie 150. Chukua fungu jembamba, pitisha mara moja polepole. Zikisikika zikilia kama kitu kinachokaangwa, acha papo hapo: bado zina maji. Maji hayo hugeuka mvuke ndani ya unywele na kuacha viputo vinavyoonekana kwa darubini, na baadaye unywele hukatika palepale kwenye kiputo. Wapo wanaopaka mawese wakidhani ni kinga. Si kinga, mafuta ya moto yakichuruzika yanaunguza ngozi ya kichwa.

Lakini tukubaliane kwamba mjini Uvira hatari kubwa zaidi haimo katika nywele, imo katika umeme unaokatika bila kuaga. Binti yuko katikati ya kazi, umeme unaondoka, anaiweka pasi juu ya godoro na kutoka kwenda kumalizia kwa jirani. Swichi iko pale pale ilipokuwa. Umeme unaporudi usiku, pasi inaanza kuwaka peke yake, shuka inaungua, kisha godoro, na hakuna mtu ndani. Pasi za bei kubwa zina kifaa cha kujizima, ila nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu hazina. Umeme ukikatika, chomoa waya kwenye prizi kabla ya kutafuta tochi. Na pasi ya moto iwekwe juu ya sahani ya udongo au kigae, kamwe si juu ya kitanda.

Jambo jingine ni zawadi kutoka Marekani. Ndugu zetu waliohamia huko hutuma pasi nzuri, lakini umeme wa majumbani kule ni volti 120, wetu ni 220. Soma maandishi madogo kwenye mpini au karibu na waya. Ukikuta 100–240 V, tumia bila wasiwasi. Ukikuta 120 V peke yake, usiichomeke: ingevuta nguvu zaidi ya mara tatu ya ile iliyotengenezewa, na kubadili kichwa cha plagi hakubadilishi volti hata kidogo. Kagua pia pale waya unapoingia mpinini. Ndipo unapopindwa kila siku, na ndipo ganda lake hupasuka kwanza. Ukiona shaba, peleka kwa fundi.

Wapo wanaotumia bado chanuo la chuma la kupasha kwenye makaa. Siwalaumu, maana makaa hayana mgao. Ila chanuo halina kipimo: ligusishe kwanza kwenye kitambaa cheupe, kikigeuka rangi ya kahawia, subiri lipoe. Jiko liwe nje, kwa kuwa hewa ya sumu ya makaa haina harufu. Mwaka 1968 madaktari wa ngozi huko Marekani walieleza upara wa utosini kwa wanawake weusi, wakalitaja chanuo la moto kuwa chanzo. Wataalamu waliofuata waliona kwamba joto peke yake halielezi ugonjwa wote, lakini utosi unaowasha au kunyonyoka haupaswi kupigwa pasi.

Kabla hujaanza, weka karibu bidoni la maji safi, kwa sababu bomba la Regideso, shirika la maji, haliaminiki. Sikio au shingo ikiungua, vua hereni, mwagia maji ya kawaida, si barafu, kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, yai wala mafuta. Malengelenge yasitumbuliwe, wala yasioshwe kwa maji ya ziwa. Aliyeungua usoni, na mtoto yeyote aliyeshika pasi, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.