Filimbi ya kuchelewa na taimauti katika mpira wa kikapu

Filimbi ya kuchelewa katika mpira wa kikapu ni filimbi inayopigwa na mwamuzi muda mfupi baada ya tukio lenyewe, kwa mfano baada ya mchezaji kuguswa mkono akirusha mpira. Taimauti ni mapumziko mafupi ambayo timu huomba ili kocha azungumze na wachezaji wake. Mambo haya mawili huleta ubishi wa aina moja, hasa dakika za mwisho: watu hawagombanii kilichotokea tu, bali pia ni wakati gani unaohesabiwa.

Kanuni za kimataifa hutungwa na FIBA, na ndizo zinazotumika katika nchi wanachama, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Ligi ya NBA ya Marekani ina kanuni zake. Mtazamaji aliyezoea kutazama NBA kwenye televisheni akienda uwanjani kwao atakuta mambo kadhaa yanaendeshwa tofauti, na taimauti ni mojawapo.

Kwa nini filimbi huchelewa

Waamuzi hufundishwa kutazama tukio tangu linapoanza hadi linapokwisha ndipo waamue. Kanuni za FIBA zinawaagiza kupima kama mguso umempa faida aliyeufanya au umemdhuru mpinzani. Mguso wa bahati usiobadilisha chochote hauna haja ya kusimamisha mchezo. Kupima huko kunahitaji muda, japo ni sehemu ya sekunde tu. Mchezaji anayeruka kuelekea kikapu akasukumwa kidogo kiunoni anaweza kuendelea kama kawaida, au akapoteza mizani na mpira ukamtoka. Mwamuzi aliyepuliza haraka mno hawezi kuirudisha filimbi yake.

Sababu ya pili ni mgawanyo wa kazi. Mechi ikiwa na waamuzi watatu, kila mmoja ana eneo lake la kutazama. Mwamuzi wa mbali akiona faulo katika eneo la mwenzake, husubiri kwanza mwenye eneo apulize. Asipopuliza, na faulo ikiwa ya wazi, wa mbali hupuliza yeye. Kwa mashabiki filimbi hiyo huonekana kama imetoka hewani.

Lawama kubwa ni kwamba mwamuzi husubiri aone kama mpira umeingia. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Kusubiri ili kuona athari ya mguso ni kazi halali, lakini kumpiga mrushaji mkononi ni faulo hata mpira ukiingia. Mwamuzi anayelipa kikapu kilichokosekana kwa filimbi hafuati tena kanuni ya faida.

Filimbi inapopigwa mpira huwa umekufa, isipokuwa mpira ambao tayari uko hewani kuelekea kikapuni: huo ukiingia huhesabiwa. Vilevile mrushaji aliyefanyiwa faulo huku ameshaanza tendo la kurusha anaruhusiwa kulimaliza. Hivyo filimbi ikichelewa kidogo haimnyimi kikapu chake. Ikipigwa kimakosa, timu iliyokuwa na mpira hurudishiwa.

Saa ya mchezo nayo huathirika, kwa kuwa mtunza muda huisimamisha baada ya kusikia filimbi. Ndiyo maana NBA hutumia kifaa anachovaa mwamuzi, ambacho husimamisha saa mara filimbi inapolia. Sehemu ndogo ya sekunde si jambo dogo: zikibaki sekunde 0.3, mchezaji anaweza kudaka na kurusha, zikibaki 0.2 au 0.1, anachoruhusiwa ni kuugonga mpira kuelekea kikapuni au kuudanki moja kwa moja.

Nani anaomba taimauti, na lini

Chini ya FIBA, mchezaji hana haki ya kuomba taimauti. Anayeomba ni kocha mkuu au msaidizi wake wa kwanza, naye huiomba mezani kwa karani, si kwa mwamuzi. Timu ina taimauti 2 katika nusu ya kwanza, 3 katika nusu ya pili na 1 katika kila muda wa nyongeza, kila moja ya dakika 1. Katika dakika 2 za mwisho za robo ya nne haziruhusiwi zaidi ya 2.

Ombi halisimamishi mchezo. Karani husubiri mpira ufe na saa isimame; kama ni faulo, husubiri mwamuzi amalize kutoa taarifa mezani. Timu iliyofungwa kikapu inaweza kupewa taimauti papo hapo, iliyofunga haipati. Nafasi hufungwa mchezaji akishakabidhiwa mpira kwa ajili ya kuurusha ndani au kwa mtupo huru wa kwanza. Kocha anaweza kufuta ombi lake kabla king'ora cha meza hakijalia.

Katika NBA, mchezaji aliye uwanjani anaweza kumwomba mwamuzi moja kwa moja, mradi timu yake inamiliki mpira au mpira umekufa. Mwamuzi analazimika kuamua kwa kufumba na kufumbua kama mpira ulikuwa bado mikononi mwa mwombaji au ulikuwa umeshaporwa.

Katika fainali za 2006, mchezo wa tano, Dwyane Wade wa Miami alikuwa na mitupo huru miwili zikibaki sekunde 1.9 za muda wa nyongeza. Wa kwanza uliingia na kusawazisha. Josh Howard wa Dallas akatoa ishara ya taimauti, na mwamuzi Joe DeRosa akaikubali. Dallas walilalamika kwamba waliitaka baada ya mtupo wa pili, ili waanzie mpira karibu na kikapu cha wapinzani. Ombi lilikuwa limeshapita. Wade alifunga wa pili, Dallas wakaanzia nyuma kabisa, na Miami wakashinda 101–100. Chini ya kanuni za FIBA taimauti ya katikati ya mitupo miwili isingetolewa.

Tukio linalotajwa zaidi ni la fainali ya vyuo vikuu vya Marekani, tarehe 5 Aprili 1993 mjini New Orleans. Michigan walikuwa nyuma 73–71, zimebaki sekunde 11, Chris Webber alipobanwa pembeni na kuomba taimauti ambayo timu yake haikuwa nayo tena. Mwamuzi hakuwa na la kufanya ila kutoa faulo ya kiufundi. North Carolina walipewa mitupo huru miwili na mpira, wakashinda 77–71. Katika mechi ya FIBA ishara ya Webber ingepuuzwa, na angebaki pale pembeni na mpira wake.