Kabla hujaandika programu, kaa na mwenye daftari

Leo tuongee kitu ambacho vijana wengi tunaojifunza kompyuta tunakiruka: hatua za mradi wa teknolojia ya habari. Naanza na aibu yangu mwenyewe.

Mtaani kwetu kuna kikundi cha akina mama wanaoweka na kukopeshana. Mweka hazina anaandika kila kitu kwenye daftari. Nikamwambia, "Mama, hilo daftari liweke kando, nakutengenezea programu." Siku nne tu nikamaliza, na ilipendeza kweli! Mwezi wa pili mwanachama mmoja akakuta akiba yake imepungua. Kumbe pale mtu analipa nusu Jumatatu, nusu Alhamisi. Programu yangu ilijua malipo ya mara moja tu kwa wiki, akilipa tena yale ya kwanza yanafutika. Yule mama akaitwa mwizi mbele za watu. Kilichomwokoa ni daftari, maana hakuacha kuandika.

Sasa tazameni hatua zenyewe, mtaona nilipoanguka.

1. Wazo. Tatizo ni lipi, ni la nani, na gharama inalipa? Wakati mwingine jibu ni kwamba daftari linatosha.

2. Mahitaji. Kaa na anayefanya kazi, siyo bosi wake tu. Mwangalie anavyofanya, andika, mkubaliane. Ningehudhuria wiki moja tu ningeona zile nusu nusu.

3. Usanifu. Hapa ni karatasi na kalamu: data gani inatunzwa, inakaa wapi, nani anaruhusiwa kuibadilisha.

4. Kuandika programu. Hii ndiyo tunaipenda, na wengi tunaanzia hapa hapa.

5. Majaribio. Usijijaribie peke yako, kwani wewe unajua pa kubonyeza. Mpe mtumiaji, kaa kimya, mwache akosee.

Hapa M-Pesa ni somo zuri. Majaribio yake yalianza Kenya mwaka 2005, na watu wasiofika hata elfu moja. Wazo la mwanzo lilikuwa mkopaji wa taasisi ya mikopo midogo alipe deni kwa simu. Lakini watu wakaanza kuitumia kwa mambo yao, ikiwemo kutumiana pesa. Wenye mradi hawakuwaambia "mnakosea". Walisikiliza, wakabadili mpango, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 kazi yake kubwa ikawa kutuma pesa nyumbani. Yaani majaribio yaliwaonyesha hitaji ambalo mpango wa kwanza haukuwa nalo!

6. Kuanza kutumika. Fundisha watu, hamisha kumbukumbu za zamani, na kwa muda acha mfumo mpya na wa zamani viende sambamba. Kila jioni linganisha hesabu. Yule mama alifanya hivyo bila kufundishwa na mtu.

7. Matunzo, mpaka kustaafu. Mradi hauishi siku ya uzinduzi. M-Pesa hiyo hiyo ilihamishiwa kwenye mfumo mpya mwaka 2015, na seva zake zikatoka Ujerumani zikaja Kenya. Jiulize mapema: mimi nikihama mji, nani atarekebisha?

Najua kuna mdau atasema hizo ni hatua za kizamani, siku hizi ni Agile. Sawa, tangu tamko la Agile la mwaka 2001 timu nyingi zinafanya kazi kwa vipande vifupi vifupi. Lakini hatua hazikufutwa, zinarudiwa kila kipande, na mtumiaji anaulizwa mara nyingi zaidi, siyo kidogo.

Kwa nini nasisitiza? Kosa la hatua ya pili likionekana mapema unalifuta kwa raba. Likionekana baada ya uzinduzi, unarekebisha programu, unarekebisha data, halafu unabaki na jina la mtu lililochafuka, na hilo halina kitufe cha kurudisha nyuma.

Mimi nilirudi kwenye mkutano wao, nikaomba radhi mbele ya wote kwamba kosa lilikuwa langu. Mama akanisamehe, ila akasema, "Mwanangu, ungeniuliza tu." Sasa nahudhuria kila wiki, bila kompyuta, nikiwa na daftari langu mwenyewe. Bado niko hatua ya pili.

Je, mdau, wewe ulishawahi kuruka hatua gani, na nani alilipia? Tiririka kwenye maoni hapo chini.