Zimwi na Nunda: Hofu ya Mwanadamu Katika Hadithi Zetu

Walimu wengi huziona hadithi za mazimwi kuwa mambo ya kitoto, yafaayo kupitisha jioni tu, tena wengine hudhani kwamba yafaa ziachwe kabisa. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba sivyo. Katika hadithi hizi wazee wameweka akiba ya maarifa juu ya hofu: mtu huogopa nini hasa, hofu yake hukua kwa njia gani, na hushindwa kwa njia gani. Azitupaye hadithi hizi azitupa na maarifa hayo pamoja.

Kwanza tulitazame jina. Zimwi ni neno la jamaa moja na mzimu na kuzimu. Wala si la watu wa pwani peke yao: Wakikuyu na Wachaga hunena irimu, Wazulu izimu, na Wasotho ledimo. Alice Werner, aliyetoa kitabu chake juu ya hadithi za kale za Wabantu mwaka 1933, alizikusanya habari hizi za makabila mengi, akaona ufanani wao. Basi shina la jina hili limeenea toka Mlima Kenya hata kusini ya Afrika, nalo lina harufu ya wafu. Zimwi ni kitu chenye umbo la mtu, chenye maneno ya mtu, wala si mtu.

Hapa pana jambo la kuangaliwa. Wazee wetu waliishi karibu na simba, chui na mamba, na wanyama hao waliwala watu kweli. Lakini simba wa hadithi ni nani? Ni yule anayedanganywa na sungura, nasi twamcheka. Adui aliyejulikana kwa meno yake alifanywa kichekesho. Bali aliyeogopwa sana ni yule anayefanana nasi. Katika hadithi za Wakikuyu, irimu huja ngomani kama kijana mzuri kuliko wote, na wasichana humtamani. Kumbe nyuma ya kichwa chake, chini ya nywele, ana kinywa cha pili. Hofu hiyo si ya mwitu. Ni hofu ya kutojua moyo wa mtu aliye mbele yako.

Hadithi ijulikanayo sana pwani ni ile ya msichana aliyekwenda na wenzake kuokota makombe. Aliona kombe zuri, akaliweka juu ya mwamba, akalisahau. Njiani alipokumbuka, aliwasihi wenzake warudi naye, wakakataa. Akarudi peke yake, akiimba ili ajipe moyo. Zimwi lilikuwa limeketi juu ya mwamba ule ule. Halikumrukia kama chui. Lilimsifu kwa wimbo wake, likamwambia asogee apate kusikiwa vizuri. Alipokaribia likamkamata, likamtia ndani ya ngoma, likazunguka naye mijini. Kila lilipopiga ngoma, mtoto aliimba, watu wakastaajabia sauti, wakalipa zimwi chakula. Mwisho likafika mji wa wazazi wake, nao wakaitambua sauti. Wakalikaribisha kwa heshima, na kwa siri wakamtoa mtoto, wakatia ndani ya ngoma nyuki na nyoka na siafu. Zimwi likafa kwa ngoma yake lenyewe.

Tufikiri jinsi watu wa Unguja na Mrima walivyoisikia hadithi hii kabla ya soko la watumwa la Unguja kufungwa mwaka 1873. Mtoto apotea njiani. Mgeni mwenye maneno matamu amchukua. Ageuzwa kuwa mali, na sauti yake yamtajirisha mwingine. Haifai kusema kwamba biashara ya watumwa ndiyo iliyozaa zimwi, maana jina lake lapatikana mbali sana na njia za misafara. Lakini hadithi ya kale hupata maana mpya katika kila zamani. Kwa wasikilizaji wale, zimwi halikuwa ndoto; lilikuwa jambo lililompata jirani. Tena hadithi yaonyesha kosa lilianzia wapi: wenzake walikataa kurudi naye.

Sasa tumtazame nunda. Hadithi yake imo katika kitabu cha Edward Steere, Swahili Tales, kilichopigwa chapa London mwaka 1870, na masimulizi yake aliyapata Unguja. Sultani alikuwa na paka. Paka akala kuku, watu wakamshitaki. Sultani akajibu kwamba paka ni wake na kuku ni wake. Akala mbuzi, akala ng'ombe, akala watoto wa watu, na jibu likawa lile lile. Hata alipowakamata wana wa Sultani mwenyewe, ndipo baba akakiri kwamba huyu si paka tena, ni nunda mla watu.

Zimwi hutoka nje, bali nunda hulelewa nyumbani. Hofu hii ya pili ni nzito kuliko ya kwanza, kwa kuwa yahusu ubaya tunaoulisha kwa mikono yetu na kuutetea kwa sababu ni wetu. Wenye cheo wote, nasi walimu tukiwamo, twafaa kuisoma mara kwa mara.

Aliyemwua nunda ni mwana mdogo wa Sultani. Aliua mnyama baada ya mnyama, na kila mara alimwuliza mama yake kama huyo ndiye nunda, naye mama akamwambia siye. Kisha akafundishwa alama zake: masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, madoa mawili kama ya ngawa, mkia mnene. Alipomwona amelala mlimani, alizipima alama moja moja kwanza, ndipo akapiga. Maana yake ni wazi: hofu haishindwi kwa ushujaa peke yake. Hushindwa kwa kumjua adui ni nani, na nani siye.

Hofu ikitoka nje ya hadithi hufanya nini? Zamani za ukoloni watu wa Afrika Mashariki walinong'ona habari za mumiani na wazimamoto, ati wananyonya damu za watu. Mwaka 1995 hofu ya popobawa ilianza Pemba, ikavuka Unguja, ikafika hata Dar es Salaam. Watu walikesha nje kwa makundi. Mjini Unguja mtu mmoja mwenye ugonjwa wa akili, asiye na hatia yo yote, alidhaniwa kuwa ndiye, akauawa. Vivyo hivyo huko Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi, na alama iliyotajwa ni macho mekundu, ambayo mara nyingi ni matokeo ya moshi wa jikoni wa miaka mingi. Hapo hapakuwa na mama wa kusema, "Siye huyu."

Hadithi ina mipaka. Huanza kwa paukwa, pakawa. Zimwi hukaa ndani yake, na kabla ya kulala limekwisha kufa. Mtoto huonja hofu akiwa amekaa karibu na bibi yake, akajifunza kwamba ina mwisho. Bali uvumi hauna pakawa wala mwisho, nao hutafuta uso wa jirani wa kuuvaa.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu mambo mawili. La kwanza, hadithi hizi zisimuliwe shuleni, nazo zisimuliwe mpaka mwisho, na watoto waulizwe: Zimwi lilijulikana kwa nini? Nani aliweza kulizuia mapema? La pili, tusilifanye zimwi kuwa fimbo ya kumnyamazisha mtoto. Amwambiaye mtoto, "Nyamaza, zimwi litakula," amelitoa zimwi katika hadithi na kuliacha huru gizani, lisipate wa kuliua.

Wahenga walinena, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Twaweza kuongeza kwamba zimwi tulijualo nasi hatuliogopi likatumaliza, na mahali pa kulijua ni hapo penye hadithi.