Baba Aliyefungua Kampuni kwa Ajili ya Wanawe

Geeta Anand, mwandishi wa habari za biashara, alitoa mwaka 2006 kitabu kiitwacho The Cure, nacho chastahili kuzungumzwa majumbani mwetu. Chasimulia habari za John Crowley wa Marekani. Mwaka 1998 binti yake mdogo alikutwa na ugonjwa wa Pompe, na haukupita muda mdogo wake wa kiume naye akaonekana nao. Mwili wa mgonjwa hukosa kimeng'enya cha kuvunja sukari iliyohifadhiwa misulini. Sukari hujazana, misuli ikadhoofika, hata moyo na pumzi. Dawa haikuwako.

Crowley aliacha kazi, na mwaka 2000 akashirikiana na mwanasayansi William Canfield katika kampuni changa ya Novazyme. Mwaka uliofuata iliuzwa kwa Genzyme kwa zaidi ya dola milioni 100. Hapa ndipo kitabu kinapopendeza, kwani mwandishi hakumpamba baba. Kimeng'enya cha Novazyme kilishindanishwa na vingine, nacho hakikuchaguliwa. Tena, akiwa mkubwa katika kampuni, nani angeamini kuwa hakuwatanguliza wanawe mbele ya wana wa wengine? Alijiuzulu, na Januari 2003 watoto wakaanza kupata dawa. Mioyo yao iliyovimba ikanywea. Viti vya magurudumu na mashine za kupumulia vikabaki.

Pompe hurithiwa kwa wazazi wawili. Kila mmoja amebeba jeni yenye kasoro pasi na kuugua, na katika kila mimba uwezekano wa mtoto kuugua ni mmoja kwa wanne. Selimundu, ambayo Pwani yetu yaijua kwa uchungu, hurithiwa vivyo hivyo. Iweje basi mama peke yake aambiwe ameleta damu mbovu, pengine hata arejeshwe kwao na mtoto mgonjwa mkononi? (Mawifi watuwie radhi.) Sehemu ya mume ni sawa na yake. Saudia tangu 2004 huwalazimu wachumba kupimwa selimundu na thalasemia kabla ya ndoa. Nasi tuozao binamu kwa binamu twahitaji kipimo hicho zaidi.

Wala si kila uvumbuzi wataka mamilioni. Haidroksiyurea, dawa ya zamani ya saratani, ilijaribiwa kwa watoto wa selimundu Kilifi, Uganda, Angola na Kongo. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha maumivu yamepungua, na malaria, na vifo. Humezwa nyumbani kila siku, chini ya uangalizi wa daktari. Mama na aiulizie kliniki, na baba afuatane naye.