Bata Hatoi Kasia Majini

Mvuvi wa Bumbire au Goziba, visiwa vya Wilaya ya Muleba, akishavuta kasia hulitoa majini na kulirudisha mbele hewani. Bata hana nafasi hiyo. Mguu wake umezama muda wote, na kama ungebaki umetanuka unaporudi mbele, ungemrudisha nyuma karibu kama ulivyomsogeza.

Kwa hiyo tunaposifia utando wa bata tunasahau nusu ya kazi yake, nayo ni kujifunga. Mguu ukisukuma nyuma, vidole vitatu vya mbele hutanuka na ngozi iliyo baina yake hukamata maji mengi. Ukirudi, vidole hubanana na kujikunja, ukapita mwembamba bila kuzuiwa sana.

Hata hivyo, kusukuma maji nyuma kuna kikomo: lazima mguu uende nyuma kwa kasi zaidi kuliko mwili unavyokwenda mbele. Hapo ndipo mnandi anapomzidi bata. Ndiye yule ndege mweusi anayeanika mbawa kwenye miamba ya Ziwa Victoria, hapo Bukoba. Utando wake umeunga vidole vyote vinne, hata cha nyuma. Mwaka 2003 Johansson na Norberg, watafiti wa Sweden, walieleza katika jarida la Nature kwamba mguu wa mnandi hukata maji pia kwa kupanda juu, na umbo lake la pembetatu huzalisha msukumo wa mbele kwa kanuni ileile inayombeba ndege hewani.

Kuna kizuizi kingine ambacho utando hauwezi kukiondoa. Bata wa kilo moja hivi, waliopimwa Marekani na Prange na Schmidt-Nielsen mwaka 1970, walitumia nishati kidogo kuliko kasi nyingine zote kwa kila mita walipokwenda nusu mita kwa sekunde. Walipokaribia mita 0.7 kwa sekunde walikwama, kwa sababu ya wimbi wanalolizusha wenyewe kifuani. Mnandi akizamia vya kutosha huliacha wimbi hilo juu, kisha husukuma kwa miguu yote miwili kwa pamoja akimfukuza samaki.

Gharama ya uogeleaji huo huonekana nchi kavu. Miguu iliyokaa nyuma sana humfanya mnandi atembee kwa kuyumba. Lakini utando haukai bure hata huko: akiatamia, mayai huyapasha joto kwa miguu hiyohiyo.