Kuipasha Injini Moto Kabla ya Safari

Asubuhi za kipupwe mafuta ya nazi huganda chupani, na mpishi huyasogeza karibu na jiko ndipo yamiminike. Wenye magari wa Winnipeg, nchini Kanada, na wa Fairbanks, katika jimbo la Alaska nchini Marekani, hukabiliwa na shida inayofanana na hiyo. Huko baridi huweza kufikia nyuzi 30 za sentigredi chini ya sifuri, na kinachohitaji kupashwa moto ni injini.

Baridi kali huidhuru injini kwa njia tatu. Kwanza, oili huwa nzito na kuchelewa kuvifikia vyuma vinavyosuguana. Pili, betri hupungukiwa na nguvu wakati uleule ambapo uzito wa oili hudai nguvu zaidi. Tatu, petroli haigeuki mvuke kwa urahisi. Hivyo injini hulishwa petroli nyingi kupita kawaida ili iwake, na sehemu yake hutoka na moshi bila kuungua.

Mwaka 1949 Andrew Freeman, wa jimbo la North Dakota, alipata hataza ya kipashamoto cha umeme kilichochukua nafasi ya boliti moja ya injini. Vingi vya siku hizi hufungwa katika tundu lililo ubavuni mwa bloku. Koili yake huyapasha moto maji ya kupozea injini. Yaliyopata moto hupanda, ya baridi hushuka, na bloku yote huanza kupata joto. Waya wenye plagi huning'inia mbele ya gari, na katika miji hiyo viwanja vingi vya kuegeshea magari vina soketi za umeme.

Je, kipashamoto kiachwe usiku kucha? La. Baada ya saa chache bloku hupoteza joto kwa kadiri ileile inavyolipokea, na umeme unaozidi hapo haiongezei injini moto. Kifaa cha wati 600 hutumia yuniti 1.8 kwa saa 3, lakini kwa saa 12 hutumia yuniti 7.2. Kwa hiyo hutumiwa swichi yenye saa, iwashayo umeme alfajiri.

Faida yake haimhusu dereva peke yake. Kichujio cha moshi hakifanyi kazi barabara mpaka kipate moto. Dakika za mwanzo wa safari ndizo zenye moshi mchafu kuliko zote. Fairbanks imezungukwa na vilima kwa pande tatu, na wakati wa baridi hewa nzito hulala bondeni chini ya hewa yenye joto kama chungu kilichofunikwa. Katika miaka ya 1970 hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi mjini humo ilivuka kiwango cha usalama. Injini iliyopashwa moto huufupisha muda wa moshi huo.

Hata hivyo, kipashamoto hakiondoi hatari ya sumu hiyo. Gari lisiwashwe ndani ya banda lililofungwa. Na plagi ichomolewe kabla gurudumu halijazunguka.