Je, Wajua? Nishani na Beji Zinazoijua Pwani Yetu

Sogea barazani, msomaji wangu, leo mazungumzo ni ya chuma. Nishani, beji za kofia, nyota za mabegani. Ni vitu vya kutia mfukoni, lakini ukijua kuvisoma utashika kichwa!

Tuanze ng'ambo ya Likoni. Je, wajua kwamba jina la mahali pa Kwale limo kwenye nishani yenye sura ya Malkia Victoria? Ni Mwele! Mbaruk bin Rashid, Mazrui wa Gazi aliyekataa kutawaliwa, alikuwa na boma lake huko, na Agosti 1895 Admirali Harry Rawson akalivamia. Waliopigana upande wa Waingereza walipewa Nishani ya Afrika Mashariki na Magharibi. Vita vingine viliandikwa kwenye kijibamba kinachoshikizwa juu ya utepe, kama Witu ya mwaka 1890, lakini Mwele ilichongwa ukingoni mwa nishani yenyewe. Ukiitazama uso peke yake hutaiona kamwe. Igeuze ubavu!

Na huyo Rawson, wajua alikuwa wapi mwaka mmoja baadaye? Unguja. Tarehe 27 Agosti 1896 alilipiga mizinga kasri la Sultani, na vita vikamalizika kabla ya saa moja kutimia. Hadi leo vinahesabiwa kuwa vita vifupi kuliko vyote duniani.

Mwele haikulala. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, Mwingereza Arthur Wavell aliunda kikosi cha Waarabu hapa Mombasa ili kuwazuia Wajerumani waliokuwa wakija kutoka kusini. Januari 1916 aliuawa Mkongani, jirani kabisa na Mwele ileile. Sasa shika hili: miaka michache kabla ya hapo Wavell alikwenda Makka akijifanya Mzanzibari, kwa jina la Ali bin Mohammed, na akarudi salama!

Rudi Likoni, panda hadi Mtongwe kwa wanamaji wetu. Je, wajua kwamba kabla ya Jeshi la Wanamaji la Kenya kulikuwa na jeshi moja la maji la Afrika Mashariki nzima? Liliitwa Royal East African Navy, makao yake Mombasa, na likavunjwa mwaka 1962 baada ya kama miaka kumi tu. Utepe wa kofia za mabaharia wake uliandikwa H.M.E.A.S., na meli yao mojawapo iliitwa Rosalind. Beji yake ni adimu. Ukiikuta, usiiachie kwa bei ya chai! Jeshi letu wenyewe lilizinduliwa tarehe 15 Desemba 1964, na kamanda wake wa kwanza Mkenya, J. C. J. Kimaro, akashika usukani mwaka 1972.

Umeokota beji ya Kiingereza yenye taji na hujui ni ya lini? Tazama taji lenyewe! Likiwa limeinuka mviringo juu, ni la enzi ya wafalme, kabla ya 1952. Likiwa limebonyea katikati, ni la Malkia Elizabeth. Kwa kutazama tu umeshapata umri wake, na hujafungua kitabu. Tahadhari moja: Mfalme Charles alirudisha taji la mviringo mwaka 2022, kwa hiyo taji la mviringo linalong'aa kama jana huenda kweli ni la jana.

Na beji ya KAR, je? Jeshi la King's African Rifles lilizaliwa tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Nyasaland, Uganda na hiki chetu cha East Africa Rifles. Alama yake ni tarumbeta ya kijeshi, na ndani yake nambari. Isome nambari hiyo! 1 ni Nyasaland, yaani Malawi ya leo. 4 ni Uganda. 6 ni Tanganyika. 3 na 5 ni Kenya. Desemba 1963 vikosi vya Kenya vikageuzwa jina vikawa Kenya Rifles, lakini nambari zikabaki zilezile: 3KR na 5KR zipo mpaka leo.

Sasa kaa vizuri, maana tumefika kwa mkubwa wao. Victoria Cross! Ni msalaba wa shaba tu, hauna dhahabu wala kito, lakini ndiyo nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza tangu 1856. Misalaba yote imetengenezwa na duka moja la London, Hancocks. Watu watatu tu katika historia nzima wameipata mara mbili.

Na je, wajua kwamba mmoja aliyeipata amelala Voi, hapo njiani unapokwenda Nairobi? Wilbur Dartnell, Mwaustralia, alipigwa risasi ya mguu karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915. Walipotaka kumbeba alikataa, akaomba aachwe pamoja na majeruhi wasioweza kubebwa, akitumaini kuwakinga. Alikufa hapohapo, umri miaka 30. Mara ngapi umepita Voi usijue?

Kusini kidogo, Dar es Salaam, tarehe 28 Novemba 1914, Kamanda Henry Peel Ritchie alijeruhiwa mara nane katika shambulio moja bandarini, na bado akaendelea kuiongoza mashua yake mpaka akaanguka. Msalaba wake ndio wa kwanza kwa mwanamaji katika Vita Kuu ya Kwanza. Wa kwanza! Na haukupatikana katika bahari za Ulaya. Ulipatikana hapa, kwenye Bahari ya Hindi.

Mwingine ni mzaliwa wa Kenya. Sajenti Nigel Leakey wa KAR, binamu wa Louis Leakey yule wa mafuvu ya kale, alirukia kifaru cha Waitaliano huko Ethiopia tarehe 19 Mei 1941. Alifungua mlango wa juu, akawaua waliokuwa ndani isipokuwa dereva, kisha akamlazimisha dereva akiendeshe hadi mafichoni. Akakiendea kingine, na hakurudi. Tuzo yake ilitangazwa Novemba 1945, vita vikiwa vimeshakwisha.

Lakini cha kushangaza zaidi ni kisa cha Eric Wilson. Agosti 1940, huko Somalia ya Waingereza, alishikilia bunduki yake ya mtombo siku baada ya siku akiwa na majeraha na malaria. Ngome ilipotekwa wakadhani amekufa, wakatangaza Victoria Cross ya marehemu. Kumbe yu hai, mfungwa mikononi mwa Waitaliano! Aliishi hadi Desemba 2008, akafa na miaka 96. Niambie, ni wangapi waliosoma sifa za kifo chao kisha wakaishi miaka 68 zaidi?

Vuka daraja la Nyali, twende Kisauni. Freretown, makao ya watumwa walioachwa huru, ina nishani yake ya ajabu. David Livingstone alipofariki mwaka 1873, wenzake Waafrika waliubeba mwili wake kwa miguu kutoka Zambia ya leo hadi pwani, Bagamoyo. Chama cha Kijiografia cha London kilitengeneza medali 60 kwa ajili yao, kila moja na jina la mwenyewe. Mmoja wa wasafiri hao, Matthew Wellington, aliishi Freretown na akafia Mombasa mwaka 1935. Hii si nishani ya vita, najua, lakini kwangu mimi inazishinda nyingi za vita.

Changamwe mpo? Uwanja wa ndege wa Moi ulianza kama Port Reitz, ukapanuliwa wakati wa Vita Kuu ya Pili na wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini. Marubani wa manowari za kubeba ndege walitua hapo. Mwaka 1942 kikosi cha Waingereza cha majini upande wa mashariki kilihamia Kilindini, baada ya Wajapani kushambulia Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo.

Na pamoja nacho walikuja wavunja-siri! Ndani ya shule ya Allidina Visram, Mombasa hii, waliketi watu wakifumbua ujumbe wa siri wa Wajapani, na wakafaulu kuufungua mfumo uliotumiwa na meli zao za mizigo. Kwa miaka mingi hawakuruhusiwa kusema neno. Ndipo mwaka 2009, miaka zaidi ya 60 baadaye, Uingereza ikatoa beji maalumu kwa waliofanya kazi hiyo kwenye makao yao ya Bletchley Park, Uingereza, na vituo vyake vya nje. Kilindini ilikuwa kituo kimojawapo.

Vijana wetu nao walisafiri kutoka bandari hiyohiyo. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma mwaka 1944, na alama yake begani ilikuwa kichwa cha kifaru, mnyama mwenye pembe. Si wote waliofika. Meli Khedive Ismail iliondoka Kilindini Februari 1944 na watu 1,511, ikapigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi tarehe 12. Ilizama ndani ya dakika tatu. Wakafa watu 1,297, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Kumbuka hesabu hiyo siku utakapoona beji yao.

Je, wajua Jenerali China wa Mau Mau alikuwa koplo wa KAR huko Burma? Ndiye Waruhiu Itote! Na serikali aliyoipigania Burma ndiyo iliyowapa waliopigana dhidi yake msituni Nishani ya Utumishi Afrika yenye kijibamba kilichoandikwa "Kenya", kwa huduma kati ya Oktoba 1952 na Novemba 1956. Itambue kwa utepe: manjano, kingo nyeusi, mistari miwili myembamba ya kijani.

Idi Amin je? Alijitunukia V.C. yake mwenyewe, akaiita "Victorious Cross". Alisema pia alipigana Burma, lakini aliingia KAR mwaka 1946, vita vikiwa vimeshakwisha.

Hii sasa ni ya watu wa Kwale! Mwaka 1980 wanajeshi wa Kenya, pamoja na wa Uingereza, Australia, New Zealand na Fiji, walisimamia amani Zimbabwe ilipokuwa inazaliwa, wakapewa Nishani ya Rhodesia. Nyuma yake amechorwa palahala. Na Kenya nzima, palahala wa porini wako Shimba Hills peke yake!

Za haraka haraka kutoka nje. Marekani ilitengeneza nishani karibu 500,000 za Purple Heart kwa majeruhi iliowatarajia wakiivamia Japani mwaka 1945. Uvamizi haukufanyika, na akiba hiyo ikatumika kwa miongo kadhaa baadaye. Msalaba wa Chuma wa Wajerumani unajitaja umri chini yake: 1813, 1870, 1914 au 1939. Tumia sumaku, maana kiini cha ule wa kweli kwa kawaida ni chuma. Vita Kuu ya Pili ilipokula madini, Waingereza walitengeneza beji za kofia za plastiki, kwa hiyo usizitupe ukidhani ni vitu vya kuchezea. Na bei ya fedha ilipopaa mwaka 1980, watu waliziyeyusha kwa wingi nishani za fedha za Waingereza za 1914 hadi 1918.

Usivae wala kuuza alama zinazotumiwa na jeshi letu leo, maana sheria ni kali. Za kale ndizo za kukusanya. Na kama kuna nishani ya babu sandukuni, tafadhali usiisugue kwa dawa ya kung'arisha shaba, utafuta maandishi. Chukua kioo cha kukuzia usome ukingoni: nishani za Waingereza za Vita Kuu ya Kwanza zina nambari, cheo, jina na kikosi cha mwenyewe. Nyota za Vita Kuu ya Pili walizogawiwa askari wa KAR hazina jina lolote, kwa hiyo muulize bibi leo hii zilikuwa za nani, uandike, na karatasi uifunge pamoja nazo.